Bunge Lililoitikia Amina

Hapo zamani za juzi palikuwa na nchi moja ambayo jina lake silitaji, maana kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa kwa ajili ya maandalizi ya Sikukuu ya Utulivu. Wasomaji wangu, msianze kukonyezana. Nchi hiyo si yenu. Nyinyi mna wabunge wanaosoma miswada kabla ya kuipitisha, kwa hiyo haya hayawahusu hata kidogo. Someni tu kujiburudisha.

Mimi nilikuwa mwandishi wa gazeti la serikali ya nchi hiyo, liitwalo Tumetulia. Kazi yangu ilikuwa kukaa bungeni na kuandika kwamba kikao kimekwenda vizuri. Habari yenyewe niliiandika asubuhi kabla kikao hakijaanza, ili mhariri awahi chakula cha mchana. Sikuwahi kukosea.

Tatizo la nchi ile lilikuwa moja tu: watu hawakutulia. Ukienda posta, zahanati, msikitini au kanisani, ulikuta watu wanatikisa magoti, wanahama kutoka kalio hili kwenda lile, wanachungulia dirishani kana kwamba kuna mgeni anachelewa. Ukiwauliza wanataka nini, walisema "mageuzi", kisha wakatazama nyuma. Daktari Mkuu wa Serikali aliwachunguza akasema ni minyoo. Dawa ya minyoo ikagawiwa nchi nzima, nami nikaandika makala ya ukurasa mzima kuisifia. Watu wakaendelea kutikisa magoti, safari hii bila minyoo.

Hapo ndipo ilipokuja Sheria ya Utulivu. Ilisema kwamba mtu yeyote atakayeonekana kuhangaika hadharani, kwa mguu, mkono, shingo au jicho, atashikiliwa kwa muda. Mbunge mmoja aliuliza ni muda gani. Alikuwa mama mtu mzima wa pwani, jina lake Bi Mtumwa Sharifu, mwenye tabia ya kuuliza. Waziri wa Utulivu, Dokta Anseli Mapande, pande la mtu lililojaa kiti na kumwagikia cha jirani, aliinuka kujibu.

"Mheshimiwa Spika, sheria imesema kwa muda. Ingekuwa milele, ingesema milele. Serikali hii haifichi kitu."

Wabunge waligonga meza kwa furaha. Kwa kweli hata mimi niliona amejibu.

*

Mtu wa kwanza kushikwa mtaani kwetu alikuwa Mwalimu Damari Kisoka, binti mwembamba aliyefundisha kwaya katika kanisa la Mchungaji Yeremia Lugendo. Jumapili moja msafara wa Mtukufu Mlezi wa Taifa ulikuwa unapita barabarani, na madirisha ya kanisa yalikuwa wazi kwa sababu ya joto. Ndani, Damari aliinua mikono miwili kuwaashiria waimbaji, kama afanyavyo kila mwalimu wa kwaya. Waimbaji wakasimama. Askari wa msafara aliona kwa macho yake mwanamke anainua mikono na umati unainuka. Hakungoja wimbo uanze. Damari alipakiwa garini akiwa bado na joho lake la kwaya, na kosa lake lilitajwa kuwa ni kuinua watu.

Mama yake, mjane mfupi mwenye sauti kubwa tuliyemwita Mama Damari, akawa anakwenda kituoni kila asubuhi na bakuli la uji.

"Yuko ndani kwa muda, mama," askari wa getini alimwambia.

"Muda gani, mwanangu?"

"Huo huo aliokuwa nao jana."

Mchungaji Lugendo nilimfahamu vizuri, maana nyumba yangu na yake zilitenganishwa na ukuta mwembamba. Alikuwa mshairi. Mashairi yake yalisomwa redioni Jumapili baada ya matangazo ya vifo, na watu waliyapenda kwa sababu yalikuwa na vina na mizani iliyotimia, yakitoka mdomoni bila kukwama. Hakuweza kutunga akiwa amekaa. Alitembea huku na huku chumbani, vidole vikihesabu silabi pajani, na Wizara ya Utamaduni ilikuwa imempa ruhusa maalumu ya kuhangaika, mradi afanye hivyo nyumbani na madirisha yamefungwa. Tangu Damari ashikwe, nilimsikia akitembea tu. Shairi halikutoka.

*

Serikali ilipoona watu bado wanachungulia madirishani, iliunda Tume ya Mageuzi Yasiyobadilisha. Mwenyekiti wake alikuwa Jaji mstaafu Ponsiano Mzelela, mzee mwungwana aliyelala mchana na kuzungumza akiwa katikati ya usingizi. Tume ilizunguka nchi nzima kukusanya maoni ya wananchi, na ili kuokoa muda, maoni yalichapishwa kwanza. Ilipofika mtaani kwetu ilimwendea Mchungaji, kwa kuwa alikuwa mtu wa kusikilizwa. Nilikuwapo kama mwandishi.

"Mchungaji," Jaji alisema, "taifa linataka kujua msimamo wako juu ya mageuzi ya siasa na sheria."

"Nataka kifungu kimoja, Mheshimiwa Jaji."

"Kimoja?" Jaji alifungua jicho. "Maprofesa wametuletea gari zima. Yupo anayetaka mikoa ibadilishwe majina. Yupo anayetaka ngao ya taifa iongezwe twiga wa pili, yule wa kwanza asijisikie mpweke. Wewe mtunzi mzima unakuja na kimoja?"

"Kimoja tu. Mtu akishikwa leo, kesho aletwe kwa hakimu, aambiwe kosa lake. Kama hana kosa, aende zake nyumbani."

Jaji alimtazama kwa huruma ya kweli. "Mwanangu, lakini hicho kitabadilisha mambo."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Na sisi ni tume ya mageuzi."

Wakaagana kwa heshima. Pale mlangoni Jaji alimwomba walau atunge shairi la kuyasifu mageuzi, lenye furaha, watoto wa shule waliimbe sikukuuni. Mchungaji alikubali. Siku hiyo ndiyo nilimsikia kupitia ukuta akitembea kwa kasi, na vidole vikigonga paja.

*

Shairi lilipelekwa redioni. Wakubwa wa redio walilisoma, wakatoka jasho, wakalipeleka Wizara ya Utulivu pamoja na maelezo ya mtaalamu wao wa fasihi kwamba kazi hii ni nzuri, ila waziri aiangalie sana mizani yake.

Dokta Mapande alikuwa mtu wa vitendo. "Mizani?" alisema. "Si tunayo mizani barabara kuu? Lipelekwe likapimwe."

Basi Mchungaji alichukuliwa na gari la wizara, akiwa ameshika karatasi yake, nami nikafuatana naye kama mwandishi, mpaka pale malori yanapopimwa uzito. Foleni ilikuwa ndefu, mbele yake kuna lori la saruji na nyuma lori la ng'ombe. Mhusika wa mizani alikuwa kijana mwenye adabu.

"Shikamoo, Mchungaji."

"Marahaba, mwanangu. Nifanyeje?"

"Samahani sana, mzee. Liweke shairi hapo katikati ya bamba, kisha urudi nyuma."

Mchungaji aliliweka, akaliwekea kokoto lisipeperuke, akarudi nyuma. Mashine iliyozoea tani haikuonyesha kitu. Kijana aliipiga ngumi. Haikuonyesha kitu. Ofisa wa wizara alipiga simu kwa mkubwa wake, kisha shairi likagongwa muhuri mkubwa wa bluu: LIMEPIMWA. HALINA UZITO. LINARUHUSIWA KUPITA.

Mchungaji aliutazama ule muhuri muda mrefu. Nilidhani amehuzunika, kama ambavyo mshairi yeyote angehuzunika. Alilikunja shairi taratibu, akalitia ndani ya Biblia yake, akaomba lifti ya kurudi mjini kwenye lori la ng'ombe.

*

Ripoti ya Tume ilipotoka, ilikuwa na pendekezo moja lililoeleweka. Lilihusu kura za bungeni.

Mpaka wakati huo, Spika aliuliza, "Wanaoafiki waseme ndiyo," na ukumbi ulinguruma. Kisha, "Wasioafiki waseme siyo," na ilisikika sauti moja tu, ya Bi Mtumwa Sharifu. Kisha Spika alisema, "Nadhani waliosema ndiyo wameshinda." Tume iligundua kwamba chanzo cha mahangaiko yote ya taifa kilikuwa ile siyo ya Bi Mtumwa. Ikapendekeza maneno yote mawili yafutwe, na badala yake wabunge wawe wanaitikia Amina.

Dokta Mapande aliwasilisha hoja kwa hotuba ambayo niliinakili yote, maana ilinigusa.

"Mheshimiwa Spika, ndiyo inagawa. Siyo inagawa. Lakini Amina, Mheshimiwa Spika, Amina inaunganisha! Mkristo anasema Amina. Mwislamu anasema Amina. Hata asiye na dini, wenzake wakisema Amina, mdomo wake unafunguka wenyewe. Nani hapa, katika maisha yake, amewahi kuinuka katikati ya dua akasema siyo?"

Hakuna aliyewahi. Kanuni mpya ikasomwa: jambo lolote litakalosomwa ukumbini Spika akiwa kitini, likaitikiwa Amina, ni sheria ya nchi. Bi Mtumwa alisema siyo yake ya mwisho. Ilirekodiwa kwenye kanda na kupelekwa makumbusho.

Baada ya hapo kazi ilikwenda kwa kasi ya ajabu. Mswada wa kumruhusu Mtukufu kustaafu atakapochoka, Amina. Mswada wa kumruhusu asichoke, Amina. Siku moja Spika alipiga chafya karibu na kipaza sauti, ukumbi ukaitikia kwa mazoea, na Katibu wa Bunge, mtu mkavu asiyejua mzaha, akaiandika chafya ile katika sheria za mwaka huo. Mpaka leo inasubiri kanuni za utekelezaji.

*

Alasiri moja Mama Damari alikuja kwa Mchungaji. Bakuli lake lilikuwa limejaa.

"Baba Mchungaji, uji umerudi."

"Umerudi vipi, mama?"

"Wameniambia hali tena. Siku ya ngapi sijui, hanyanyui hata kijiko. Askari mwenyewe alikuwa analia." Aliliweka bakuli mezani. "Mashairi yako nayapenda. Yakisomwa redioni naacha kazi nisikilize. Lakini nataka uniambie kweli, mwanangu ameshasikia hata moja huko aliko?"

Mchungaji alimvutia kiti.

"Naogopa, Baba. Nimechoka kuwa jasiri pale getini. Naogopa."

"Na mimi naogopa, Mama Damari," alisema. Kisha nikamsikia anaanza kutembea.

Sasa, Bunge lile lilikuwa na desturi ya zamani kwamba kila mkutano ufunguliwe kwa dua, na viongozi wa dini walipokezana zamu. Mkutano wa juma lile ulikuwa zamu ya Mchungaji Lugendo. Ofisi ya Bunge ilimwuliza atasoma nini. Akawaonyesha shairi lake na ule muhuri wa bluu. Wakausoma, halina uzito, linaruhusiwa kupita. Wakalipitisha.

*

Siku hiyo habari yangu ilikuwa tayari mfukoni, yenye kichwa "Bunge Lafunguliwa kwa Utulivu". Redio ilikuwa inatangaza moja kwa moja. Mchungaji alipanda jukwaani na joho jeusi. Uso wake ulikuwa umesinyaa. Spika alikuwa kitini. Wabunge wakainamisha vichwa na kufumba macho. Dokta Mapande alifumba kwa nguvu kuliko wote, kwa kuwa kamera ilikuwa upande wake.

"Mwenyezi Mungu, tunakushukuru kwa nchi hii."

"Amina!"

"Utupe tulichokosa."

"Amina!"

Kisha sauti yake ikabadilika. Ilishika mwendo wa utenzi, ule ambao kila mtu wa nchi ile alilala nao mgongoni mwa mama yake, na ukumbi mzima ukaanza kuyumba kidogo bila kujijua.

*Mtu ashikwapo leo,*
*mwenye cheo, bila cheo,*
*bila ya upendeleo,*
*kesho yu mahakamani.*

"Amina!"

*Aambiwe lake kosa,*
*si kesho kutwa, ni sasa;*
*pasipo kosa la hasa,*
*basi aende nyumbani.*

"Amina!" Nawaambieni, Dokta Mapande alikuwa anaongoza. Sauti yake nene ilitangulia za wenzake.

*Na waliomo zamani,*
*waliofichwa vyumbani,*
*watolewe hadharani,*
*kesho wawe kizimbani.*

"Amina!"

Bi Mtumwa Sharifu alikuwa amefumbua macho tangu ubeti wa pili. Wengine waliponyamaza, yeye aliitikia tena peke yake, polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. Na Spika, ambaye mdomo wake ulikuwa umeshazoea, akasema, "Nadhani walioitikia Amina wameshinda," akagonga nyundo. Katibu wa Bunge akaandika.

Ilichukua muda kidogo kabla Dokta Mapande hajafumbua macho. Alipofumbua, alikuwa na rangi ya uji.

"Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika! Ile ilikuwa dua!"

Spika alimgeukia Katibu. Katibu alisoma kanuni bila kuinua sauti: jambo lolote.

"Basi naomba ifutwe!"

"Ifutwe nini, Mheshimiwa Waziri?"

"Dua!"

Ukumbi ulishtuka. Hapo lazima nieleze kwamba watu wa nchi ile walikuwa tayari kufuta mambo mengi. Walishafuta uchaguzi, walishafuta vyama vyote ila kimoja, walishafuta mkoa mzima kwa sababu ya njaa yake. Lakini tangu wazaliwe hawakuwahi kumsikia mtu anaomba dua irudishwe.

"Wanaoafiki kwamba dua ifutwe," Spika alisema kwa sauti ndogo, "waitikie Amina."

Mbunge mmoja wa chama tawala, mtu aliyewahi kuitikia chafya, aliinuka huku amekunja kofia yake mikononi.

"Mheshimiwa Spika, mimi nina watoto. Hiyo ni laana. Siwezi kuitikia."

"Na jimboni kwangu mvua hainyeshi," akasema mwingine. "Nikiitikia hiyo, nitarudi kwa uso gani?"

"Amina," alisema Dokta Mapande, peke yake, redioni, nchi nzima ikimsikiliza.

"Nadhani," Spika alisema, akaishia hapo bila kugonga nyundo; dua ikabaki sheria. Nchi nzima ilikuwa imeshaitikia ile ya kwanza, jikoni, dukani na kwenye vibaraza. Mtukufu mwenyewe alikuwa mezani akinywa chai mbele ya redio, na mpishi wake anaapa kwamba alisikia Amina ya kiume.

Mchungaji Lugendo alishikwa mlangoni. Hakushangaa. Alimpa Mama Damari, aliyekuwa anangoja nje, Biblia yake amshikie mpaka kesho.

*

Na kesho ikafika, jambo ambalo nchini kwetu halikuwa la kawaida.

Mahakama ya wilaya ilikuwa haijaona mshitakiwa tangu Sheria ya Utulivu ianze, na ilitumika kuhifadhi viti vya sherehe. Hakimu Restituta Mshana, mama mwenye miwani minene, alikutwa anafuma soksi nyuma ya rundo la bendera. Viti vilipangwa, watu wakaingia mpaka madirishani. Sikumwona hata mmoja aliyetulia.

Damari aliletwa wa kwanza, na joho lake lile lile likimning'inia. Alipitia mbele ya mama yake, na mama yake akanyoosha mkono kuligusa joho.

"Kosa lake?" Hakimu aliuliza.

"Aliinua mikono, Mheshimiwa," alisema inspekta.

"Kwa nini?"

"Waimbaji wasimame."

"Wakasimama?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Kisha?"

Inspekta alitafakari. "Hatukungoja, Mheshimiwa."

"Mwalimu Kisoka, nenda nyumbani ukale."

Mama Damari alimdaka binti yake pale pale kizimbani, akamfungia mikono kana kwamba kuna mtu angemnyang'anya, na kilio chake kikasikika barabarani. Sioni haya kusema kwamba nilifuta macho kwa habari yangu ya jana.

Akafuata Mchungaji. Kosa lake lilikuwa kuombea nchi mambo yasiyoruhusiwa.

"Aliomba peke yake?" Hakimu aliuliza.

"Peke yake, Mheshimiwa. Bunge liliitikia tu."

"Nani aliitikia kwa sauti kubwa zaidi?"

Mahakama nzima ilijua, ilikuwa imesikia redioni.

"Kuitikia dua ni kuomba pamoja," Hakimu alisema, akiiweka soksi pembeni. "Basi wabunge hao ni washiriki. Washikwe leo, na kwa sheria ilivyo, kesho wote niwaone hapa, Mheshimiwa Waziri akiwa wa kwanza. Au serikali inaondoa shitaka?"

Serikali iliondoa shitaka kabla Hakimu hajaishika tena soksi yake.

Watu hawakutoka. Walibaki wamekaa, wakimtazama Damari. Yeye, akiwa bado ameegemea bega la mama yake, aliinua mikono miwili, dhaifu, kidogo tu. Na mahakama nzima ikasimama.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha waandishi, mtu mtulivu kama mnavyonijua. Nasema haya kwa heshima zote kwa mhariri wangu, ambaye amekataa kuyachapisha. Niliutazama mguu wangu wa kulia, ukawa unatikisika. Niliushika kwa mkono, mkono nao ukaanza. Kisha nikajikuta nimesimama na wenzangu, naimba nao sauti ya tatu ya kwaya, ambayo hata siijui.

Askari wako mlangoni kwangu sasa, wananigongea kwa adabu. Nimewaambia wanisubiri nimalizie sentensi hii. Wamenishika leo, wasomaji wangu, kwa hiyo kesho mnajua pa kunikuta.